Kuwatafuta Bakteria Wachache: Kipimo cha Vinasaba na Kifua Kikuu cha Utando wa Ubongo

Mwanafunzi mmoja wa kidato cha nne, huko Miyuji, Dodoma, aliniuliza: ikiwa kipimo kimeonyesha kuwa mgonjwa hana kifua kikuu cha utando wa ubongo, kwa nini daktari aendelee kumpa dawa za ugonjwa huo? Swali hilo lastahili jibu kamili.

Bakteria aliyetangazwa na Robert Koch mwaka 1882 hushambulia zaidi mapafu, lakini huweza kusafiri katika damu hadi kwenye utando unaoufunika ubongo. Katika maji ya uti wa mgongo huwa wachache mno. Hadubini huhitaji maelfu yao katika mililita moja ndipo waonekane. Kuwaotesha huchukua majuma kadhaa, na mgonjwa asiyetibiwa hana majuma hayo.

Kipimo cha vinasaba hakimtafuti bakteria mzima, bali vipande vya vinasaba vyake. Maji hupashwa moto hadi karibu sentigredi 95, nyuzi mbili za kinasaba zikaachana. Yakipozwa, kimeng'enya huujengea kila uzi mwenzake. Kipande kimoja huwa viwili, viwili huwa vinne. Mwalimu na awaache wanafunzi wahesabu wenyewe: baada ya mizunguko 30 hupatikana zaidi ya milioni elfu moja. (Kimeng'enya kilichoirahisisha kazi hii kilitoka kwa bakteria wa chemchemi za moto za Yellowstone, Marekani, ndiyo maana joto halikukiharibu.) Majibu hutoka kabla ya saa mbili kupita.

Shirika la Afya Duniani liliidhinisha kipimo cha Xpert mwaka 2010, na kilichoboreshwa, Ultra, mwaka 2017. Huko Mbarara, Uganda, vililinganishwa kwa watu wazima wenye virusi vya UKIMWI, na matokeo yakachapishwa mwaka 2018. Kati ya wagonjwa 23 walioaminika kuwa na ugonjwa huu, Xpert ilitambua 10, Ultra 16. Saba waliosalia ndio jibu la swali la Miyuji: kipimo kikisema "ndiyo" tukiamini; kikisema "hapana", daktari bado humtazama mgonjwa.

Kiasi cha maji nacho kina uzito. Ultra huweza kutambua bakteria wapatao 16 katika mililita moja. Tuseme mgonjwa anao wawili tu kwa mililita. Tukichukua mililita moja, hatuoni kitu. Tukichukua 10, tukazizungusha kwa kasi ili bakteria watuame, kisha tukabakiza mililita moja ya chini, tunao karibu 20.

Ndugu wengi hukataa sindano ya mgongoni wakihofia kupooza. Kwa mtu mzima, sindano hupita chini ya mahali uti wa mgongo unapoishia, na mwili hutengeneza takriban nusu lita ya maji hayo kila siku. Mililita 10 hurudishwa kwa muda wa nusu saa hivi.