Somo: Bei ya Andazi Moja

Tukiuliza kikundi kilipataje bei ya kitu kinachouza, jibu huwa ni lile lile: "Ndiyo bei ya soko." Sawa. Lakini je, bei hiyo inawalipa nyinyi? Leo tuchukue maandazi, maana vikundi vingi vya akina mama huyapika. Shikeni kalamu. Bei zetu ni za mfano tu. Wekeni za kwenu.

Tuseme paketi ya unga wa ngano ya kilo 2 ni sh. 180, sukari robo kilo sh. 40, mafuta nusu lita sh. 150, hamira na chumvi sh. 20, kuni sh. 60. Jumla ni sh. 450. Mnapata maandazi 60, na kila moja ni sh. 10, yaani sh. 600. Mweka hazina anaandika faida ya sh. 150 na watu wanapiga makofi.

Ngojeni kwanza. Unga ulifikaje hapo? Kuna nauli, sh. 40. Sufuria nayo inachakaa, wekeni sh. 10 kila siku ya kununua nyingine. Halafu kuna yale matano yaliyoungua, yaliyoliwa na watoto, au yaliyochukuliwa na yule jamaa wa "nitalipa kesho". Hiyo ni sh. 50. Sasa zimebaki sh. 50, na akina mama wawili wameamka saa kumi alfajiri wakamaliza saa mbili. Kila mmoja amepata sh. 25 kwa saa nne! Hata palizi ya shambani inalipa zaidi.

Basi tupandishe bei? Polepole. Gharama inawaonyesha bei msiyoweza kushuka chini yake, lakini mnunuzi ndiye anayejua mwisho wake. Mkisema sh. 12, chenji itawasumbua, na jirani wa ng'ambo ya barabara bado anauza kumi. Mkipunguza ukubwa wa andazi, msidhani watu hawaoni. Wanaona siku hiyo hiyo.

Mara nyingi ni rahisi kuanza na gharama. Nunueni unga kwa bale, yaani paketi 12 kwa safari moja. Tuseme nauli pamoja na mzigo ni sh. 120: kila paketi imebeba sh. 10 badala ya 40. Duka la jumla likipunguza sh. 10 kwa paketi, zile sh. 50 zimekuwa 90 bila kumgusa mnunuzi. Pikeni paketi mbili kwa moto mmoja, kama wanunuzi wapo; kuni haziongezeki mara mbili. Na mkiuza chai kando, anayekuja kwa andazi la kumi huenda akaacha zaidi.

Ya kuzungumzia kwenye mkutano: Ni gharama gani haijawahi kuandikwa katika daftari lenu? Na saa za kazi za wanachama, huwa mnazihesabu shilingi ngapi?