Nunua koti theluji inapoisha: kalenda ya nguo kwa familia za Iowa

Kila mwaka, baridi ya kwanza ikiingia Des Moines mwezi wa Oktoba, familia nyingi hukimbilia dukani kununua makoti ya watoto wote kwa siku moja. Wakati huo makoti ni mapya na bei yake ndiyo ya juu. Pesa ya nyumba inaguswa, na mwezi unaofuata mzazi anaanza kukopa. Somo hili linaeleza namna ya kuvalisha familia vizuri bila kufika hapo.

Kwa nini bei hubadilika

Kwetu, bei ya nguo hupanda karibu na Krismasi, Idi au shule zinapofunguliwa, na mnunuzi hupatana na muuzaji. Hapa bei imeandikwa kwenye kibandiko na keshia hana ruhusa ya kuipunguza. Kinachoishusha ni muda.

Maduka huleta nguo za msimu kabla msimu wenyewe haujafika. Makoti hutundikwa mwezi wa Agosti na Septemba, wakati bado kuna joto. Nguo nyepesi huanza kuingia Februari, wakati nje kuna theluji. Mzigo mpya ukifika, duka linahitaji nafasi, kwa hiyo mzigo wa zamani hushushwa bei hatua kwa hatua mpaka uishe. Ukiona neno "Clearance", maana yake ni kwamba duka linamaliza mzigo huo.

Kwa hiyo kanuni ni hii: nguo za baridi zinunuliwe baridi inapoelekea kuisha, na nguo za joto zinunuliwe joto linapoelekea kuisha.

Kalenda ya mnunuzi

*Januari hadi mwanzo wa Machi:* Makoti, buti, sweta na suruali za theluji hushuka sana. Nunua za mwaka ujao.

*Machi hadi Juni:* Nguo nyepesi ni mpya na bei iko juu. Nunua chache tu, au nenda kwenye maduka ya mitumba.

*Mwisho wa Julai na Agosti:* Kaptura, fulana na makubadhi hushushwa bei. Nguo za shule nazo huwa na punguzo.

*Septemba na Oktoba:* Nguo za baridi ni mpya na ghali. Anayehitaji koti sasa aanzie mitumba. Pia makanisa na mashirika mengi hugawa makoti bure majira haya, kwa hiyo uliza mapema kabla saizi za watoto hazijaisha.

*Mwisho wa Novemba:* Ijumaa inayofuata sikukuu ya Thanksgiving maduka hutoa punguzo kubwa la kwanza. Baada ya Krismasi bei huendelea kushuka.

Tufanye hesabu. Tuseme koti la mtoto ni dola 60 mwezi wa Oktoba. Februari likipunguzwa asilimia 60, litauzwa dola 24. Umebakiza dola 36 kwa koti moja. Kwa watoto wanne ni dola 144.

Siku mbili bila kodi ya mauzo

Iowa ina siku mbili kila mwaka ambazo nguo na viatu havitozwi kodi ya mauzo: Ijumaa ya kwanza ya Agosti na Jumamosi inayofuata. Kila kitu kiwe na bei chini ya dola 100. Unaweza kununua vitu vingi, lakini koti la dola 100 kamili litatozwa kodi kwa bei yake yote. Mikoba, saa na mapambo havimo.

Kodi hiyo Des Moines ni asilimia 7. Ukinunua nguo za dola 200, unaokoa dola 14. Ni msaada mzuri kwa nguo za shule ambazo lazima zinunuliwe Agosti, lakini usizitumie siku hizo kununua makoti mapya ya bei kamili. Punguzo la Februari linazidi sana hizo dola 14.

Kipi kinunuliwe mapema, kipi kisubiri

Mtu mzima hakui tena, kwa hiyo koti na buti zake zinaweza kununuliwa Februari bila wasiwasi. Kwa mtoto, nunua koti na suruali ya theluji saizi moja zaidi ya anayovaa sasa. Viatu vya mtoto visinunuliwe mwaka mmoja kabla, maana miguu hukua bila kufuata hesabu yetu. Koti la mkubwa lililobana likunjwe na kuwekewa mdogo wake.

Kumbuka pia kwamba punguzo likikua, saizi hupungua. Ukiona saizi ya mwanao kwa nusu bei na koti ni zuri, usingoje mpaka lifike robo.

Kabla ya kulipa, angalia kama pameandikwa "Final Sale". Nguo hiyo hairudishwi wala haibadilishwi. Nguo nyingine tunza risiti yake. Na keshia akikuuliza kama unataka kadi ya mkopo ya duka ili upate punguzo siku hiyo, una haki ya kukataa. Kadi hizo huwa na riba kubwa, na riba inaweza kumeza punguzo lote.

Baridi ya leo haingoji punguzo

Kalenda hii ni ya kujiandaa. Familia iliyofika Novemba isisubiri Februari. Baridi ya Iowa inaweza kushuka chini ya sifuri ya Farenhaiti, yaani takriban nyuzi 18 chini ya sifuri ya Selsiasi. Upepo ukiwa mkali, ngozi isiyofunikwa inaweza kuganda ndani ya dakika 30. Watoto wa shule za msingi hutoka nje kucheza hata kukiwa na theluji. Kila mtu awe na koti zito, kofia, glavu, soksi nene na buti zisizopitisha maji. Nguo zinazofaa msimu ni sehemu ya msaada wa mwanzo kwa wakimbizi wanaopokelewa, kwa hiyo kama mmoja wenu hana, mwambie afisa anayeshughulikia familia yenu leo hii.

Zoezi la nyumbani

1. Toeni nguo zote za baridi. Nani limembana koti? Nani hana buti?
2. Andikeni jina la kila mmoja, saizi ya sasa na saizi ya mwaka ujao. Karatasi hiyo mwende nayo dukani.
3. Wekeni kando dola 5 kila wiki kuanzia Septemba. Kufikia mwisho wa Januari mtakuwa na zaidi ya dola 100, na makoti yatakuwa yameanza kushuka bei.