Mtoto ni Amana

Ifahamike kwamba dhuluma kwa mtoto si kipigo peke yake. Kumnyima chakula, kumtisha, kumtweza mbele ya nduguze na kumtenga na watu ni dhuluma pia. Mjini Birmingham, mwezi wa Mei 2008, binti wa miaka 7 alifariki baada ya kushindishwa njaa kwa miezi, ilhali jikoni mwao mlikuwa na chakula nyuma ya mlango wenye komeo. Kabla ya hapo alikuwa ameondolewa shule. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2010 ulibainisha kuwa kifo hicho kingeweza kuzuiwa. Basi jamaa na jirani wasinyamaze wakidhani wanasitiri aibu ya nyumba. Kumfichia dhalimu si sitara, bali ni kumsaidia. Mtoto ni amana, na amana huulizwa.