Hatari Ifuatayo Homa ya Mafua

Watu wengi huihesabu homa ya mafua kuwa maradhi madogo: mtu hulala siku tatu au nne, hutoka jasho, kisha hurudi shambani. Lakini mara nyingi hatari huja nyuma ya homa. Virusi vya mafua huchubua utando wa njia za pumzi, na vijidudu vingine vilivyokuwa vimetulia puani hupata nafasi ya kushuka mapafuni, vikaleta kichomi. Katika mafua makuu ya mwaka 1918, ambayo yaliingia Kenya kwa bandari ya Mombasa, wengi katika waliokufa ulimwenguni waliuawa na kichomi cha namna hiyo. Basi mgonjwa aliyepata nafuu, kisha homa ikamrudia pamoja na maumivu ya kifua au pumzi za haraka haraka, apelekwe hospitali siku ile ile.

Juu ya chanjo, maneno ni mengi. Sindano ya mafua haina virusi hai, wala haiwezi kumwambukiza mtu mafua. Mkono huuma, na pengine homa nyepesi huja siku moja au mbili. Hata hivyo, haifai kuficha yaliyotukia Marekani mwaka 1976: walichanjwa watu zaidi ya milioni 40, na katika kila 100,000 kadiri ya mmoja alishikwa na ugonjwa wa kupooza uitwao Guillain-Barré kwa sababu ya chanjo ile, nayo ikasimamishwa. Kwa chanjo zilizofuata, hatari hiyo ni kama ya mtu mmoja au wawili katika milioni. Na mafua yenyewe huleta ugonjwa huo zaidi kuliko sindano.