Studio ya Nyumbani Eastlands: Chumba Kwanza, Vifaa Baadaye

Muziki ulioitangaza Eastlands ulitoka mitaani. Kundi la Kalamashaka lilichipuka Dandora katika miaka ya 1990. Mwaka 2000 Clemo na Jua Cali walianzisha Calif Records, studio iliyochukua jina la mtaa wa California, na mtindo wa genge ukasikika nchi nzima. Siku hizo vifaa vya kurekodi vilikuwa ghali na vya kutafutwa. Leo kijana wa Kayole, Umoja au Jericho mwenye kompyuta ya mkononi na maikrofoni moja anaweza kurekodi wimbo chumbani mwake.

Shida ni kwamba wengi huanzia dukani Luthuli Avenue. Akiba yote inaishia kwenye maikrofoni, kisha sauti inatoka na mwangwi kama ya mtu anayeimbia bafuni, na jirani anabisha mlango kabla ya ubeti wa pili. Kosa la mambo hayo mawili liko kwenye chumba, wala hakuna maikrofoni inayoweza kulirekebisha.

Mwangwi hutokana na sauti kugonga ukuta wa mawe, sakafu ya saruji na dari, kisha kurudi kwenye maikrofoni. Kinachoupunguza ni kitu laini na kinene: blanketi nzito za mtumba kutoka Gikomba, godoro lililosimamishwa ukutani, kabati la nguo lililoachwa wazi. Zulia sakafuni nalo husaidia. Maikrofoni nyingi za kuimbia husikia zaidi upande wa mbele, yaani upande aliko mwimbaji na ukuta ulio nyuma yake. Kwa hiyo mwenye blanketi mbili tu azitundike nyuma ya mwimbaji, wala si nyuma ya maikrofoni kama inavyoonekana katika picha nyingi.

Trei za mayai zimepamba kuta za studio nyingi za mtaani, na inafaa lisemwe wazi kwamba hazizuii sauti kutoka. Ni karatasi nyepesi. Zinapunguza kidogo mwangwi wa sauti nyembamba, besi inapita kana kwamba hazipo, na moto ukitokea zinawaka upesi.

Kuzuia sauti isimfikie jirani ni kazi nyingine kabisa. Sauti huzuiwa na uzito na kwa kuziba mianya. Ukuta wa mawe tayari ni mzito, kwa hiyo sehemu kubwa ya kelele hupitia dirishani na chini ya mlango. Mpira wa kuziba kingo za mlango, pamoja na pazia zito juu ya dirisha lililofungwa vizuri, huleta nafuu kuliko trei mia moja. Besi ya spika kubwa hupita ukutani hata hivyo, na ndiyo sababu kazi ya usiku yafaa ifanywe kwa hedifoni. Paa la mabati wakati wa mvua halina dawa ya bei nafuu. Afadhali kungoja mvua ikatike.

Jirani ana haki yake kisheria. Kanuni za kudhibiti kelele za mwaka 2009, chini ya sheria ya mazingira, zinaruhusu desibeli 50 nje ya nyumba katika eneo la makazi mchana, na 35 usiku. Usiku huanza saa mbili jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi. Mazungumzo ya kawaida ya watu wawili walio karibu hufika desibeli 60 hivi, kwa hiyo biti inayosikika hadi kwenye ngazi za ploti saa nne usiku imeshavuka mpaka. Kabla ya kupigilia chochote ukutani, mpangaji aombe idhini ya mwenye nyumba.

Baada ya hapo ndipo vifaa. Kwa chumba chenye kelele za matatu na watoto, maikrofoni ya dainamiki inafaa kuliko ya kondensa, kwa kuwa ya kondensa hunasa hata redio ya jirani, na nyingi huhitaji umeme wa volti 48 kutoka kwenye kadi ya sauti. Kadi hiyo ni kisanduku kidogo kinachounganisha maikrofoni na kompyuta. Programu ya Audacity hupatikana bure na inatosha kwa anayejifunza. Mwimbaji akae shibiri moja kutoka kwenye maikrofoni, na stokingi iliyotandazwa kwenye waya wa hanga hupunguza mshindo wa herufi P na B. Sauti ya juu kabisa ikae kati ya desibeli -12 na -6. Ikigonga sifuri inakwaruza na haitengenezeki tena. Nakala ziwekwe mahali pawili, maana stima hupotea bila taarifa.

Ugomvi mkubwa zaidi huja wimbo ukishapendwa. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 hutenganisha haki ya aliyetunga, ya aliyeimba na ya rekodi yenyewe. Mwenye rekodi kwa kawaida ni yule aliyefanya mipango ya kuirekodi, na katika chumba cha marafiki watatu kila mmoja hudai kuwa ndiye. Sheria hiyohiyo haitambui uhamisho wa hakimiliki usioandikwa. Makubaliano ya mdomo kati ya prodyusa na msanii, hata yakiwa na mashahidi, hayatoshi kuihamisha. Karatasi moja yenye majina kamili, kazi ya kila mtu, mgao wa mapato na sahihi, iandikwe siku ya kurekodi. Kisha wimbo unaweza kusajiliwa na Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO, kwa njia ya mtandao.

Anayeanza kutoza wateja tayari anafanya biashara, na anahitaji kibali cha biashara cha kaunti hata kama studio iko chumbani mwake.