Tabibu Aliyewahesabu Waliokufa

Tabibu mpasuaji anapoacha kazi kwa ajili ya umri, watu hukusanyika kumpa heshima. Mmoja husimama akasema, "Huyu aliniunga mguu," na mwingine, "Huyu alimponya mwanangu." Ni desturi njema. Lakini yuko tabibu ambaye ni vigumu kumheshimu hivyo, kwa kuwa wengi waliookoka kwa kazi yake hawajui kwamba waliokolewa. Hawakuletwa hospitali, wala uso wake hawakuuona. Mmoja wa namna hiyo alikuwa Hugh Cairns.

Cairns alizaliwa Australia mwaka wa 1896, akawa mpasuaji mashuhuri wa ubongo katika Uingereza. Mwezi wa Mei 1935 aliitwa kumtazama T. E. Lawrence, yule askari aliyejulikana kwa habari za vita vya Arabuni. Lawrence alikuwa akiendesha pikipiki katika Dorset, akawakuta wavulana wawili wenye baisikeli; alipojaribu kuwakwepa akatupwa chini. Kichwani hakuwa na kinga yo yote. Alilala siku sita pasipo kupata fahamu, akafa. Matabibu walikuwapo, na ustadi walikuwa nao; lakini ubongo ulikuwa umekwisha kuharibika.

Vita ilipoanza mwaka wa 1939, askari wengi walipanda pikipiki kupeleka barua za jeshi, hata usiku, na taa za barabarani zilikuwa zimezimwa kwa hofu ya ndege za adui. Ndipo Cairns alipofanya kazi ionekanayo ndogo: alihesabu. Mwaka wa 1941 aliandika katika gazeti la matabibu wa Uingereza kwamba katika miezi 21 ya kwanza ya vita waendesha pikipiki na abiria wao 2,279 walikufa barabarani, na jeraha la kichwa ndilo lililoua zaidi. Tena aliweza kupata majeruhi saba tu waliokuwa wamevaa kofia ngumu, na katika hao hakufa hata mmoja.

Hapa katekista mwangalifu atauliza, Je, watu saba watosha? Hawatoshi, na swali ni la haki. Kwa hiyo Cairns hakuishia hapo. Mwezi wa Novemba 1941 jeshi liliwaamuru waendesha pikipiki wake kuvaa kofia wawapo kazini. Mwaka wa 1943, pamoja na Holbourn, mtaalamu wa fizikia, alitoa habari za ajali za waliovaa kofia. Mwaka wa 1946 alichapisha hesabu ya vifo vya waendesha pikipiki mwezi kwa mwezi, na ilionekana wazi jinsi vilivyopungua baada ya amri ile.

Jambo lenyewe si gumu kulifahamu. Mama apelekaye mayai sokoni hutandika majani kikapuni; kikapu kikigongwa, majani hupokea sehemu ya pigo. Ubongo nao umo ndani ya fuvu, na pigo la ghafula huutikisa hata kama fuvu halikupasuka. Kofia hupokea sehemu ya nguvu hiyo. Lakini majani yaliyoachwa nyumbani hayasaidii mayai yaliyo njiani.

Nasema hivyo kwa kuwa nilimzika kijana mwendesha bodaboda, ambaye kofia yake ilikuwa imetundikwa msumarini chumbani, haina hata mkwaruzo. Mamaye aliniuliza, "Mchungaji, tuitie kaburini, au nimpe mdogo wake?" Nilimwambia ampe mdogo wake.

Cairns hakuifikia siku ya kuagwa kazini. Alifariki Oxford mwaka wa 1952, mwenye umri wa miaka 56, angali profesa wa upasuaji. Sheria ya kuwataka wote wapandao pikipiki katika Uingereza wavae kofia ilitoka mwaka wa 1973, miaka 32 baada ya maandiko yake ya kwanza.