Safu ya Namba Iliyofika Nusu

Kwenye kompyuta yangu programu ilienda bila kasoro: mteja na seva mezani pamoja, wakipokezana safu ya NumPy ya 480 kwa 640 kama majirani wanaoombana chumvi. Siku nilipohamishia seva kwenye mashine nyingine, ng'ambo ya Wi-Fi, kilichofika kilikuwa kipande. `reshape` ikagoma, namba hazikutosha.

Kosa lilikuwa langu. Niliita `recv` mara moja, nikidhani kilichotumwa kwa `sendall` moja kitapokelewa kwa `recv` moja. TCP haijui ujumbe wako unaanzia wapi wala unaishia wapi; yenyewe ni maji ya bomba. Unakinga ndoo, unapata yaliyokwisha kufika, basi. Safu yangu ya float32 ni baiti 1,228,800, ilhali pakiti ya kawaida ya mtandao hubeba baiti 1,500 tu.

Dawa ni kutanguliza urefu. Siku hizi natuma kwanza baiti 4, `struct.pack("!I", urefu)`, zinazotaja ukubwa wa kichwa. Kinafuata kichwa chenyewe kwa JSON: umbo la safu, na aina ya namba kama inavyotolewa na `dtype.str`, mfano `<f4`. Alama hiyo `<` usiidharau, ndiyo inayosema baiti ndogo imetangulia. Mwisho ndipo zinakuja baiti za `tobytes()`. Idadi ya baiti hizo seva inaikokotoa yenyewe kutokana na umbo na aina.

Upokeaji wote unapita hapa:

```
def pokea(s, n):
    data = bytearray()
    while len(data) < n:
        kipande = s.recv(n - len(data))
        if not kipande:
            raise ConnectionError("imekatika")
        data += kipande
    return data
```

`bytearray` nimeichagua makusudi. Ukirudisha `bytes`, `np.frombuffer` inakupa safu ya kusomwa tu, na utashangaa kwa nini huwezi kubadilisha hata namba moja.

Wapo watakaokuambia utumie pickle, mistari miwili umemaliza. Kwa data inayotoka mtandaoni, mimi siigusi: kufungua pickle ya mtu usiyemjua ni kumruhusu aendeshe programu yake ndani ya seva yako.

Huna mashine ya pili ya kujaribia? Badilisha mstari wa `recv` uwe `s.recv(min(7, n - len(data)))`, uiache isome baiti saba saba. Itakwenda polepole, lakini safu ikifika nzima hapo, irudishe ilivyokuwa, kisha nenda kwenye Wi-Fi.